Nasali kwa Kifaransa, lakini mteja akiuliza bei nababaika

*Swali:* Mwalimu, shikamoo. Nauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo, na siku hizi wateja wangu wengi ni Wakongo. Tangu mwaka jana najifunza Kifaransa mwenyewe. Mteja mmoja aliniachia Biblia ya Kifaransa, ya Segond, basi kila usiku nasoma kidogo, halafu naandika sala yangu kwa Kifaransa kwenye daftari. Yohana 3:16 naijua kwa ghibu, Baba Yetu naisema bila kukwama. Lakini mteja akinisemesha, hasa kwenye bei, nababaika mpaka natoa kikokotoo nimwonyeshe namba. Na sasa mama mmoja wa jumuiya yetu ameniambia kwamba kumwomba Mungu kwa lugha ninayojifunzia ni kumfanyia Mungu mchezo. Niache? Na kama nisiache, mbona sisongi mbele? Nina watoto wawili pia, wameanza kuniuliza niwafundishe Baba Yetu ya Kifaransa. – Mama Vitenge, Kimara

Marahaba, dada. Usiache. Ila badilisha unachokiandika kwenye hilo daftari, maana hapo ndipo ulipokwama. Biblia yako haina kosa, na wewe huna kichwa kigumu.

Umenitumia picha za kurasa tatu na umeniruhusu nizitaje. Wa kwanza unasema: *Seigneur, merci pour ce jour. Bénis mes enfants. Protège ma famille. Donne-moi la force. Pardonne-moi mes péchés. Amen.* Bwana, asante kwa siku hii, wabariki wanangu, ilinde familia yangu, nipe nguvu, nisamehe dhambi zangu. Wa pili ni uleule, umehamisha familia juu na watoto chini. Wa tatu umeongeza mama yako anayeumwa, basi.

Kifaransa chenyewe ni safi. Hata zile alama za juu ya *e* hukuzisahau, jambo ambalo wanafunzi wangu waliolipa ada wanalisahau kila wiki. Lakini hebu tazama vitenzi: bariki, linda, nipe, nisamehe. Vyote ni vya kuomba. Hakuna hata kimoja kinachosimulia jambo lililotokea. Hakuna nilikwenda, aliniuliza, tuliuza, mvua ilinyesha. Hakuna namba, hakuna swali, na hakuna mtu mwingine yeyote anayesemeshwa isipokuwa Mungu, ambaye kwa rehema zake hatakuuliza kama una rangi nyingine au bei ya mwisho ni ngapi.

Mteja kutoka Kinshasa yeye atakuuliza. Tena atakusimulia: wiki iliyopita nilichukua mzigo kwa jirani yako, ulipofika nikakuta vipande viwili vina kasoro, sasa nataka kama hivi lakini vya bluu, vitano, unanipunguziaje? Katika maneno yote hayo hakuna hata moja ulilowahi kuliandika. Kwa hiyo unapobabaika si kwamba umesahau. Hujawahi kujifunza.

Sala iliyoandikwa kwa lugha ngeni ina tabia ya kujikunja. Mtu huanza na maneno anayoyaweza, anaona yanatosha, kesho anayarudia, na baada ya mwezi mkono unaandika wenyewe huku akili iko kwenye hesabu za duka. Nimeliona kwa mapadri, kwa masista, kwa wanakwaya. Kwa lugha hilo ni hasara, na sidhani kama kwa sala ni faida.

Basi fanya hivi. Chukua ukurasa mmoja, upige mstari katikati. Juu ya mstari andika jambo moja lililotokea leo, kwa sentensi tano au sita fupi. Chini ya mstari andika sala, lakini isitoke hewani, itoke kwenye hilo lililo juu. Tuseme leo mteja amekurudishia vitenge kwa sababu vimechuja rangi, nawe ukamjibu vibaya. Juu unaandika:

*Aujourd'hui, une cliente est revenue. Elle a rapporté deux pagnes. La couleur est partie au lavage. J'ai dit que ce n'était pas ma faute. J'ai mal parlé. Elle est partie fâchée.*

Yaani: leo mteja mmoja amerudi, ameleta vitenge viwili, rangi imetoka kwenye kufua, nimesema si kosa langu, nimeongea vibaya, ameondoka amekasirika. Kisha mstari, na chini yake: *Pardonne-moi. Demain je vais l'appeler.* Nisamehe, kesho nitampigia.

Sala ina maneno machache kuliko zamani, lakini neno nisamehe sasa lina mtu na kitenge ndani yake. Na juu ya mstari umepata wakati uliopita wa namna zote mbili: vitenzi vya kawaida vinavyokwenda na *avoir*, kuwa na (elle a rapporté, j'ai dit) na vile vya kwenda na kurudi vinavyokwenda na *être*, kuwa (elle est revenue, elle est partie), pamoja na ile *e* ya mwishoni kwa sababu aliyerudi ni mwanamke. Mimi darasani hutumia wiki kadhaa kufundisha hilo, na watu hulisahau kwa sababu mifano ya kitabu inamhusu Pierre aliyekwenda stesheni. Wewe huwezi kumsahau huyu mteja.

Ukikosa neno, liandike kwa Kiswahili katikati ya sentensi na uendelee. Usifungue kamusi usiku; ukifungua kamusi hutaandika, utasoma kamusi. Maneno uliyokosa yapigie mstari, kesho uyaulize dukani.

Usidhani kwamba kusimulia mambo ya siku mbele za Mungu ni jambo la ajabu. Agostino wa Hippo, askofu wa kale, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliandika Maungamo yake karibu na mwaka 400 kwa namna hiyohiyo: kitabu kizima anazungumza na Mungu, na humo anasimulia jinsi akiwa kijana alivyokwenda na wenzake usiku kuiba mapeari ya jirani ambayo hata hawakuwa na njaa nayo. Humo humo anakiri kwamba shuleni alikichukia Kigiriki kwa sababu kilifundishwa kwa vitisho na viboko, ilhali Kilatini alikipata kwa walezi wake, katikati ya utani na michezo. Hilo la pili wakumbushe wanaokuambia huwezi kujifunza lugha bila darasa. (Darasa hata hivyo linasaidia. Ukipata nafasi, Alliance Française, kituo cha lugha ya Kifaransa pale Upanga, wanafundisha watu wazima. Nasema tu kwamba kulikosa si sababu ya kusimama.)

Sasa Biblia yenyewe. Louis Segond alikuwa mtu wa Geneva. Agano la Kale lake lilitoka mwaka 1874, Agano Jipya mwaka 1880, na hiyo uliyonayo kwa vyovyote ni masahihisho ya mwaka 1910, ambayo Waprotestanti wengi wa Kongo wanayapenda kama sisi tunavyoipenda Union Version, Biblia yetu ya Kiswahili. Ni Kifaransa kizuri sana. Tatizo ni kwamba masimulizi yake yako katika wakati ambao Wafaransa huuita *passé simple*, na huo ni wa vitabuni tu. Fungua Yohana 11:35, *Jésus pleura*, Yesu akalia machozi. Hakuna mtu dukani atakayekuambia *ma fille pleura*, binti yangu alilia. Atasema *ma fille a pleuré*. Au Luka 15, mwana mpotevu: *Le plus jeune dit à son père* (mdogo akamwambia baba yake), kisha *partit pour un pays éloigné* (akaondoka kwenda nchi ya mbali). Mtaani ni *il est parti*.

Mtu anayejifunza kuongea kwa Segond peke yake ni kama mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa Biblia ya mwaka 1952 tu, akapanda daladala na kumwambia kondakta, "Ewe kijana, nakusihi unishushe, kwa maana nimekwisha kufika." Ataeleweka, na basi zima litacheka.

Usiitupe. Igeuze iwe zoezi. Chukua mfano wa mwana mpotevu, aya mbili tatu kwa usiku, na uuandike upya kana kwamba unamsimulia mteja habari za kijana wa mtaani kwenu: *un homme avait deux fils* (mtu alikuwa na wana wawili) iache ilivyo, hiyo inasemwa hata leo, *le père leur partagea son bien* (baba akawagawia mali yake) ifanye *le père a partagé son bien*, *partit* ifanye *est parti*. Ukimaliza sura ya 15 yote kwa namna hiyo, wakati uliopita hautakusumbua tena. Na ukipata tafsiri iitwayo Parole de Vie, iliyotoka mwaka 2000 kwa ajili ya watu ambao Kifaransa si lugha yao ya kwanza, ndiyo uisome kwa sauti. Segond ibaki ya kukariri.

Kwenye bei kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia. Namba ulizojifunza kwenye simu ni za Ufaransa: sabini ni *soixante-dix*, tisini ni *quatre-vingt-dix*. Lakini Kongo ya Kinshasa ilitawaliwa na Ubelgiji, na Wakongo wa huko husema *septante* kwa sabini na *nonante* kwa tisini. Themanini wanabaki na *quatre-vingts*. Kwa hiyo mteja wa Kinshasa akitaja dola *nonante-sept*, wewe unasubiri *quatre-vingt-dix-sept* ambayo haiji, na hapo ndipo mkono unakwenda kwenye kikokotoo. Mteja wa Komoro kwa upande wake atakupa namba za Ufaransa. Unazihitaji zote: ya kusema chagua moja, ya kusikia ujue mbili.

Na wala huna haja ya kwenda mbali kuzitafuta. Mathayo 18:22 kwenye Segond yako, Petro anapojibiwa asamehe mara ngapi, imeandikwa *septante fois sept fois*. Luka 10:1, wale wanafunzi sabini waliotumwa, ni *soixante-dix*. Mzee Segond mwenyewe alitumia zote mbili. Na Luka 15:4, kondoo tisini na tisa walioachwa nyikani, ni *quatre-vingt-dix-neuf*. Zisome kwa sauti hadi ulimi uzizoee, kisha kila jioni unapofunga hesabu, andika mauzo matatu ya siku hiyo kwa maneno, si kwa tarakimu, juu ya mstari. Hilo peke yake litapunguza kubabaika kuliko jambo lingine lolote nililokuambia.

Jambo jingine ambalo sala imekuzoesha vibaya ni *tu*, wewe ya mazoea. Kwa Kifaransa Mungu anaitwa *tu*, kama ndugu wa karibu. Wakatoliki zamani walimwita *vous*, wewe ya heshima, kwenye Baba Yetu, wakaacha mwaka 1966. Mteja usiyemjua ni *vous*. Ukichanganya *tu* na vile vitenzi vya kuamuru ulivyovizoea, unaweza ukamwambia mama wa watu *donne-moi l'argent*, nipe hela, ukidhani umesema kwa adabu kama unavyosali. Mwambie *vous payez comment?*, yaani unalipaje? Akianza yeye kukuita *tu*, na Wakongo hawachelewi kufanya hivyo mkizoeana, basi mfuate. Usimtangulie.

Utahitaji mtu wa kukusahihisha, na si lazima awe wa kanisani. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, mwaka huohuo alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin, mtu wa Barawa. Alimfuata mwenye lugha. Wewe kama una jirani Mkomoro anayeuza vipodozi, au Mkongo anayepakia mizigo, mwombe asome sentensi zako za juu ya mstari, mbili tu kwa siku, kabla soko halijachangamka. Mtu akiombwa ukurasa mzima atakukwepa. Akiombwa sentensi mbili atakaa na kukusimulia na mengine. Chini ya mstari asiguse. Kunja karatasi kabla hujampa. Sala yako haisahihishwi na mtu, hata kama ina makosa ya sarufi, na mimi mwenyewe ukinitumia picha tena nitumie nusu ya juu.

Asubuhi kwenye mwendokasi toka Kimara hadi Gerezani, umesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye mkoba, huwezi kuandika. Sikiliza. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, hawa wenye idhaa ya Kiswahili, wana taarifa ya habari ya dakika 10 kwa Kifaransa chepesi kila siku. Usijaribu kuelewa yote. Sikiliza vitenzi vya wakati uliopita na namba, ndivyo unavyovifanyia kazi.

Sasa huyo mama wa jumuiya. Sitaki kumpuuza, kwa sababu nusu ya alichosema ni kweli. Sala iliyogeuzwa kuwa zoezi la sarufi, mtu anayechagua la kumwambia Mungu kwa sababu anataka kujaribu kitenzi kipya, hiyo ni mchezo, na unajua mwenyewe usiku gani uliufanya. Ndiyo maana nimekupigia ule mstari. Juu jifunze upendavyo, chini sema kweli. Na siku ambayo jambo ni zito, mama yako amezidiwa au mtoto hajarudi nyumbani, funga daftari uombe kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yako kama ipo. Hata siku ya Pentekoste watu walisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha waliyozaliwa nayo, hawakulazimishwa kujifunza nyingine kwanza.

Lakini nusu ya pili amekosea. Anadhani Mungu anadai lugha iliyokamilika. Mathayo 6:7 inasema msipayuke-payuke kama watu wa Mataifa, wanaodhani watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi. Mtu mwenye maneno 200 ya Kifaransa hawezi kupayuka hata akitaka. Kwa Kiswahili mimi na wewe tunaweza kuomba dakika 20 bila kusema kitu, tumezisikia sala hizo, nyingine tumeziomba sisi. Kwa Kifaransa chako cha sasa unalazimika kuchagua: nimeongea vibaya, nisamehe, kesho nitampigia. Na Paulo katika Warumi 8:26 anasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, ambako nadhani hakuna sarufi ndani yake. Mweleze hivyo kwa upole. Asiporidhika, usibishane naye jumuiyani, soma daftari lako nyumbani.

Watoto wafundishe Baba Yetu, ndiyo. Ujue tu kwamba mwishoni watasikia maneno tofauti kwa watu tofauti. Segond yako inasema *ne nous induis pas en tentation*, usitutie majaribuni. Wakatoliki walisema kwa miaka mingi *ne nous soumets pas à la tentation*, usituweke chini ya majaribu, na nchini Ufaransa tangu tarehe 3 Desemba 2017 wanasema *ne nous laisse pas entrer en tentation*, usituache tuingie majaribuni. Mteja wako anaweza kutumia yoyote kati ya hizo kulingana na umri wake na kanisa lake. Wafundishe ya Segond kwa sababu ndiyo iliyo nyumbani na wewe umeshaikariri, na wakikutana na nyingine uwaambie ni sala ileile.